Mtoto Akiumia Katika Kituo cha Malezi

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona habari za watoto wadogo katika gazeti la shule ya sekondari. Mtasema, "Sisi ni wanafunzi, si walezi." Lakini hebu fikirini kidogo. Wengi wetu tunao wadogo zetu nyumbani wenye umri wa miaka miwili, mitatu au minne. Mama na baba wakienda kazini, sokoni au shambani, watoto hao hupelekwa katika vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo watu wengi huviita chekechea. Wakati wa likizo ni sisi tunaotumwa kuwapeleka asubuhi na kuwarudisha jioni. Tena miaka si mingi baadhi yetu tutakuwa wazazi, na wengine tutakuwa walimu wa vituo hivyo hivyo. Basi jambo hili latuhusu.

Nimesukumwa kuandika makala haya na tukio lililotupata nyumbani katika likizo ya Desemba. Mdogo wangu wa miaka mitatu alirudi kutoka kituoni saa kumi alasiri akiwa kimya kuliko desturi yake. Hakutaka uji, akalala mapema. Mama aliona uvimbe mdogo nyuma ya kichwa, akadhani ameumwa na mdudu. Saa tatu usiku mtoto akatapika, kisha akatapika tena, na tena. Tulikodi bajaji tukamkimbiza hospitali. Tabibu wa zamu alikuwa mpole, lakini maswali yake yalitushinda. "Ameanguka? Saa ngapi? Ameanguka kutoka wapi? Alizimia au alilia papo hapo? Alitapika mchana?" Mama alimtazama baba, baba akanitazama mimi, nami ndiye niliyemchukua mtoto kituoni. Hapana aliyekuwa na jibu hata moja. Mtoto alilazwa siku mbili akiangaliwa mara kwa mara usiku na mchana, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu alipona kabisa.

Siku ya tatu mama alikwenda kituoni, nami nikafuatana naye. Ndipo tulipojua kwamba mtoto alianguka kutoka kwenye bembea saa nne asubuhi. Mlezi alimwona, akamfuta vumbi, akambembeleza, wala hakusema neno. Mama alipomwuliza sababu, yule dada alilia, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mama, mwezi uliopita mtoto alikwaruzwa shavuni na mwenzake, nikakuambia. Ulinifokea mbele ya watu wote. Safari hii niliogopa." Mama alinyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimeuliza, nimesoma, na nimehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza. Nataka kuwaeleza niliyojifunza, yaani mambo mawili yasiyotengana: namna ya kumtunza mtoto aliyeumia, na namna ya kuambiana ukweli.

KWA NINI WATOTO WADOGO HUUMIA UPESI

Kwanza yafaa tujue kwamba mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa. Mtoto anapozaliwa, kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, hali kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja tu katika nane. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili ni mzito upande wa juu, na aangukapo aghalabu kichwa hutangulia. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto akichungulia ndani ya ndoo ya maji aweza kutumbukia kichwa chini asiweze kujitoa, hata kama maji ni machache.

Ngozi yake ni nyembamba, hivyo chai ya moto ambayo ingemwachia mtu mzima wekundu tu, humchoma mtoto kwa kina. Njia yake ya pumzi ni nyembamba pia, unene wake ukikaribia ule wa kidole chake kidogo cha mkono. Karanga moja au punje ya mahindi yatosha kuiziba. Na magego ya kusagia vitu vigumu bado hayajatimia.

Juu ya hayo yote, mtoto huijifunza dunia kwa kuishika na kuitia kinywani. Hajui kwamba chupa ya soda yaweza kuwa na mafuta ya taa. Kwa hiyo hata katika kituo kilicho bora watoto wataanguka, watagongana na watakwaruzana. Wazee walisema ajali haina kinga. Mlezi hawezi kuzuia kila mkwaruzo, lakini anaweza kuzuia mkwaruzo usigeuke msiba.

DAKIKA ZA KWANZA

Mtoto akiumia, jambo la kwanza ni mlezi kutulia. Mlezi akipiga kelele, mtoto huogopa zaidi, na wale wengine ishirini nao huanza kulia. Ikiwa walezi ni wawili, mmoja akae na aliyeumia na mwingine awakusanye watoto waliobaki na kuwaondoa pale. Ajali ya pili mara nyingi hutokea wakati macho yote yanaitazama ajali ya kwanza.

Kisha mlezi atazame mambo matatu kwa utaratibu: Je, mtoto ana fahamu? Je, anapumua vizuri? Je, anatoka damu nyingi? Mtoto anayelia kwa sauti kubwa anapumua, na hiyo ni habari njema. Mtoto wa kuogopewa zaidi ni yule aliyenyamaza. Akiwa ameanguka kutoka mahali pa juu, asiinuliwe kwa pupa. Atazamwe kwanza pale alipo, kutoka kichwani hadi miguuni.

KICHWA

Jeraha la kichwa ndilo linalodanganya kuliko yote. Uvimbe unaoonekana nje mara nyingi si hatari, na ambao ni hatari hauonekani, maana uko ndani. Mtoto akigonga kichwa, akalia mara moja, akabembelezwa akatulia, akarudi kucheza, kwa kawaida hakuna baya. Wekeni kitambaa kilicholowanishwa kwa maji baridi juu ya uvimbe kwa muda wa dakika kama 10. Ikiwa ipo barafu, ifungwe katika kitambaa, isiguse ngozi yenyewe.

Lakini mtoto huyo yapasa aangaliwe kwa saa 24 hadi 48. Apelekwe hospitali bila kungoja ikiwa alizimia hata kwa muda mfupi. Ikiwa anatapika zaidi ya mara moja. Ikiwa anapatwa na degedege. Ikiwa ana usingizi usio wa kawaida au haamki vizuri. Ikiwa damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni. Ikiwa mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili. Au ikiwa mkono au mguu umelegea. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, au aliyeanguka kutoka mahali palipopita urefu wake mwenyewe, ni vyema aonwe na tabibu hata kama anaonekana mzima.

Watu wengi huamini kwamba mtoto aliyegonga kichwa asiachwe kabisa kulala. Hivyo sivyo. Wakati wake wa kulala ukifika aweza kulala, ila mtu amtazame mara kwa mara, aone kwamba anapumua sawasawa na kwamba akiguswa anashtuka kama desturi yake. Lakini mtu hawezi kumtazama hivyo usiku ikiwa hakuambiwa kwamba mchana mtoto alianguka. Hapo ndipo sisi tulipokwama.

Kwa maumivu, mtoto aweza kupewa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama alivyoagiza tabibu, na mlezi asiitoe bila ruhusa ya mzazi. Aspirini asipewe.

MOTO NA MAJI YA MOTO

Hapa ndipo mila nyingi zinapotuharibia. Mtoto akimwagikiwa na chai au uji, mmoja hukimbilia dawa ya meno, mwingine yai, mwingine asali, unga wa ngano, mafuta ya kupikia au majivu. Vitu hivyo havitoi joto lililoingia katika ngozi. Vingine hulizuia lisitoke, na vingine huingiza uchafu katika kidonda. Hospitalini tabibu hulazimika kuvisugua kwanza ili aone kidonda, nako kusugua huko ni mateso ya pili.

Dawa ni maji safi ya baridi ya kawaida. Mtoto aondolewe kwenye moto, avuliwe nguo iliyolowa pamoja na bangili au kamba iliyo karibu na kidonda, lakini kilichogandamana na ngozi kisivutwe. Kisha maji ya bomba yatiririke juu ya kidonda kwa dakika 20. Pasipo na bomba, yamiminwe kwa kata kutoka ndooni, polepole na bila kukoma. Dakika 20 ni nyingi mtoto akiwa analia, kwa hiyo tazameni saa, msikisie. Hata kama saa moja au mbili zimekwisha kupita tangu aungue, maji bado yafaa. Barafu haifai, maana nayo huumiza ngozi. Wakati maji yanamiminwa, sehemu nyingine za mwili zifunikwe asije akashikwa na baridi.

Baada ya hapo kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Malengelenge yasitumbuliwe. Apelekwe hospitali kila mtoto ambaye kidonda chake ni kikubwa kuliko kiganja chake mwenyewe; au kipo usoni, mikononi, miguuni, katika maungio au sehemu za siri; au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja apelekwe hata kama kidonda ni kidogo.

KUSAKAMWA NA KITU KOONI

Katika ajali hii hakuna nafasi ya kutafuta gari. Msaada ni wa mtu aliye karibu, na muda ni wa dakika chache.

Mtoto akiwa anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe, maana kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yetu. Msimtie kidole kooni kutafuta msichokiona, kwa sababu mwaweza kukisukuma ndani zaidi. Lakini akiwa hawezi kukohoa, hawezi kulia, na midomo inageuka rangi, hapana budi kutenda.

Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja: mwinamishe mbele, mpige mgongoni kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, mapigo 5 ya nguvu. Kila pigo tazama kama kitu kimetoka. Kikiwa hakijatoka, piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu chini ya mbavu, uishike kwa mkono wa pili, kisha vuta ndani na juu mara 5. Endelea kubadilishana, mapigo 5 na mivuto 5, hadi kitu kitoke. Njia hii ya kubana tumbo ilielezwa na daktari wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974, nayo imeokoa watu wengi duniani.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja tumbo lisibanwe kabisa, maana ini lake ni kubwa na laini. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umeshika taya lake. Mpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Mtoto akizimia, mtu mmoja aite msaada na mwingine aanze kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua kama afundishwavyo katika masomo ya huduma ya kwanza. Hata kitu kikitoka salama, mtoto aliyebanwa tumbo au kifua aonwe na tabibu.

Maneno peke yake hayatoshi kufundisha jambo hili. Yataka mazoezi kwa mikono. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, hufundisha huduma ya kwanza, na kila kituo chenye watoto chapaswa kuwa na angalau mtu mmoja aliyefunzwa.

DAMU, SUMU, MIFUPA NA MENGINEYO

Jeraha linalotoka damu lishindiliwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia kila mara, maana kila ukichungulia damu iliyoanza kuganda hubanduka. Damu ikikoma, jeraha lisafishwe kwa maji mengi safi na sabuni. Ugoro, unga wa kahawa, majivu na mafuta ya taa visitiwe. Kitu kilichozama ndani, kama kigae au msumari, kisichomolewe kituoni, aachiwe tabibu. Jeraha lililoachama lapaswa kushonwa mapema. Mzazi aende na kadi ya kliniki, kwa sababu chanjo ambazo watoto hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14 huwakinga pia na pepopunda, na tabibu atataka kujua kama zilikamilika.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa ya kufulia, asitapishwe na asinyweshwe maziwa. Mafuta ya taa yakipanda tena kooni huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoleta madhara makubwa. Achukuliwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Hali kadhalika mtoto aliyemeza betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya mwanasesere, apelekwe saa ile ile, maana huunguza koo kwa ndani wakati kwa nje mtoto haonyeshi dalili.

Mkono au mguu ukivimba na mtoto akakataa kuutumia, usivutwe wala usikandwe. Utulizwe kwa khanga iliyofungwa shingoni kama bembeo, akaonwe. Na tuache desturi ya kumwinua mtoto kwa kumvuta mkono mmoja anapovuka mtaro. Kiwiko cha mtoto huteguka kwa urahisi sana.

Damu ya puani: akae wima, ainame mbele kidogo, pua ibanwe sehemu laini kwa dakika 10. Asilazwe chali. Ushanga au punje ikiingia puani au sikioni, msichokoe kwa kijiti. Akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na siku ile ile aende hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikisha kutokea, ni nadra mno mtu kupona.

DAFTARI LA AJALI

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kila kituo kiwe na daftari moja la ajali. Ndani yake kiandikwe jina la mtoto, tarehe, saa, mahali, jinsi ilivyotokea, sehemu ya mwili iliyoumia, nani aliona, alihudumiwaje, na mzazi aliambiwa saa ngapi. Aliyeona ndiye aandike, siku ile ile, wala asiandike anayodhani bali aliyoyaona. Kama hakuona aandike, "Sikuona akianguka, nilimkuta chini analia." Maneno hayo si aibu. Mzazi akimchukua mtoto asome na atie sahihi.

Mambo gani ya kumpigia mzazi simu papo hapo? Kugonga kichwa, kuungua, kusakamwa, kumeza kitu, jeraha la uso, kuumwa na mnyama, na lolote linalohitaji tabibu. Mkwaruzo wa goti waweza kungoja hadi jioni, lakini usemwe. Hali ikiwa ya hatari, mtoto apelekwe hospitali kwanza na simu ipigwe njiani.

Namna ya kusema nayo ni sehemu ya huduma. Mlezi mmoja atapiga simu aseme, "Mama Fulani, njoo upesi, mwanao!" kisha simu ikakatika. Mama huyo atavuka barabara bila kutazama magari. Mwingine atasema, "Mama Fulani, habari za kazi. Mtoto yu macho na anaongea. Saa nne alianguka kutoka kwenye bembea akagonga kisogo, akalia papo hapo. Tumemwekea maji baridi na niko naye hapa. Naomba uje tumwonyeshe tabibu." Katika maneno hayo machache mama amejua kwanza hali ya mtoto, kisha tukio, kisha lililofanyika, kisha anachotakiwa kufanya.

Ikiwa mtoto ameumwa au kusukumwa na mwenzake, mlezi aeleze tukio lakini asitaje jina la mtoto mwingine. Watoto hao kesho watagawana kipande cha muhogo, lakini wazazi wao waweza kununiana mwaka mzima.

WAJIBU WA MZAZI

Mlezi anao wajibu, na mzazi pia anao wake. Kwanza aache namba za simu zinazopatikana, za watu wawili walio karibu. Aeleze kama mtoto ana pumu, kifafa, au chakula kinachomdhuru. Pili, akiambiwa kwamba mtoto ameumia, amtazame mtoto kwanza, kisha aulize kwa utulivu: Nini kilitokea? Saa ngapi? Nani aliona? Mlifanya nini? Nimwangalie nini usiku? Tatu, anayemtuma ndugu kumchukua mtoto amwambie aulize, "Leo ameshindaje?" na asiondoke bila jibu. Swali hilo ningeliuliza siku ile, labda mambo yangalikuwa mengine.

Kumfokea mlezi aliyesema kweli ni kumfundisha kuficha. Na wazee walituambia: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini upole si upumbavu. Kuna majeraha yasiyofanana na ajali. Watoto wanaocheza huumia magotini, kwenye miundi, viwikoni na kwenye paji la uso. Alama masikioni, shingoni, mgongoni, matakoni au mapajani, alama zenye umbo la vidole, fimbo au mkanda, vidonda vya moto vyenye mipaka iliyonyooka, au mtoto mchanga ambaye hajaanza hata kutambaa kuwa na michubuko, ni mambo ya kuulizwa kwa makini. Vivyo hivyo maelezo yanayobadilika kila yakirudiwa, na ajali zinazojirudia kwa mtoto mmoja bila daftari kusema neno. Hapo mzazi amwonyeshe mtoto kwa tabibu, na apeleke habari kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka mwananchi anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Ipo pia namba ya simu ya 116 kwa ajili ya watoto, ambayo hupigwa bila malipo.

KINGA

Kituo kinaweza kujikinga bila gharama kubwa. Jiko na chupa za chai viwe mahali ambapo watoto hawafiki. Ndoo zimwagwe maji au zifunikwe. Mafuta ya taa na dawa zisitiwe kamwe katika chupa za vinywaji. Chini ya bembea pawe na mchanga laini, si saruji. Karanga nzima wasipewe walio wadogo, na wote wale wakiwa wameketi. Pawe na sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji, pamba ya kitambaa, plasta, mkasi, glovu na sabuni, pamoja na karatasi ya namba za simu za wazazi iliyobandikwa ukutani. Kubwa kuliko yote ni macho ya watu wa kutosha. Mlezi mmoja mwenye watoto 30 hata akiwa mwema namna gani hawezi kuwaona wote.

MWISHO

Mama na yule dada walizungumza kwa muda mrefu siku ile, mimi nikiwa nje na mdogo wangu. Mama alimwomba radhi kwa yale ya mwezi uliopita. Dada naye alimwomba radhi kwa kunyamaza. Juma lililofuata mama alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu akalipeleka kituoni, na wazazi wengine wakachanga fedha za sanduku la dawa. Mdogo wangu bado anasoma pale pale, na bado anaipenda bembea ile ile.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo nimeuona kwa macho yangu. Umeandikwa kwa mwandiko wa yule dada habari za mtoto mmoja aliyejikwaa mlangoni akachubuka goti, likaoshwa kwa maji na sabuni, na mama yake akaambiwa jioni. Chini yake ipo sahihi ya mzazi.

Wanafunzi wenzangu, likizo ikifika na mkatumwa kumchukua mdogo wenu, msimshike mkono tu na kuondoka. Ulizeni ameshindaje.